Binti yangu, usipige kura kwa hofu

Kitambulisho cha binti yangu kilitoka mwezi uliopita. Alikileta nyumbani amekifunga ndani ya kitambaa cha mkono, akakiweka mezani mbele ya baba yake. Mzee akakigeuza huku na huku, akasoma majina yote matatu kwa sauti, akamrudishia. Sisi tunaoishi Mtopanga, hapa Mombasa, twajua safari ya kadi ile: kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kwenye foleni ya alama za vidole, halafu kungoja, na kungoja tena.

Jumapili iliyofuata alirudi kutoka ibada ya vijana na swali. Nilikuwa nakuna nazi ya kuungia mbaazi. Akavuta kigoda, akaketi karibu nami.

"Mama, mhubiri ametuambia wenzetu Waislamu wana watu wao, na sisi lazima tuwe na watu wetu. Amesema mwaka 2027 kijana aliyeokoka ampigie mgombea aliyeokoka, asitazame kingine. Ni kweli kwamba kuokoka kunatosha?"

Nikamwomba anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo, ila kulitoa kulinitaka nimwambie jambo langu mwenyewe ambalo sikuwahi kumwambia. Nimeliandika hapa gazetini kwa kuwa nyumba nyingi za Kisauni zina mtoto wa umri huo mwenye swali hilo hilo.

Mwanangu, tarehe 4 Agosti 2010 ulikuwa na miaka mitatu. Nilikufunga mgongoni kwa leso nikapanga foleni ya kura ya maoni kuhusu Katiba mpya. Kijani ilikuwa ndiyo, nyekundu ilikuwa la. Mimi nilipiga nyekundu. Kwa miezi mingi tulikuwa tumehubiriwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa uhai wa mtoto aliye tumboni, na hilo lilistahili kujadiliwa kwa uzito. Hata leo nikisoma Kifungu cha 26 huwa natua hapo. Lakini silo lililonipeleka kwenye nyekundu. Lililonipeleka ni la pili, mahakama za kadhi. Tuliambiwa Katiba ile ikipita tutaamka siku moja tukute tunahukumiwa kwa sheria isiyo ya imani yetu, mjini mwetu wenyewe. Nakala za Katiba zilikuwa zikigawiwa bure. Yangu ilikaa juu ya kabati, sikuifungua.

Niliifungua baadaye, baada ya Kenya kuipitisha kwa karibu asilimia 67. Kifungu cha 170 kinasema kadhi anasikiza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, na pande zote katika kesi lazima ziwe za Waislamu waliokubali wenyewe kwenda mbele yake. Isitoshe, mahakama hizo hazikuwa ngeni. Zilikuwamo katika Katiba ya uhuru ya 1963, kwa sababu ukanda huu wetu wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar na ukaingia Kenya kwa makubaliano. Yaani kitu nilichotishwa nacho kilikuwa kimekaa kando yangu tangu sijazaliwa, na hakikuwa kimenigusa hata ukucha.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alipofiwa na mumewe, shemeji zake walianza kuipigia hesabu nyumba. Alikwenda kwa kadhi, akatoka na haki yake na ya watoto wake. Nani alimsindikiza siku zile? Mimi. Nilikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, na moyoni nilijua kwamba niliwahi kupiga kura mlango ule ufungwe.

Tena Katiba niliyoikataa ndiyo iliyotupa serikali za kaunti, 47 nchini, Mombasa ikiwa nambari 001. Zahanati alikochanjwa mdogo wako iko chini ya kaunti. Darasa la chekechea alikoanzia kushika penseli liko chini ya kaunti. Siku ile nilidhani nimeilinda imani. Nilikuwa nimeilinda hofu, kwa sababu hofu nayo hujua kutaja jina la Mungu.

Basi turudi kwa swali lako. Ukitaka kujua jinsi ya kumpima mgombea, soma Kutoka, sura ya 18. Musa ameketi kuamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, watu wamemsimamia, amechoka na wao wamechoka. Mkwewe Yethro akamshauri achague viongozi wa kumsaidia, akamtajia sifa zao: wawe na uwezo wa kazi, wawe wacha Mungu, wawe watu wa kweli, na wachukie mali ya dhuluma. Ni sifa nne. Mhubiri wenu amechukua moja akaziacha tatu. Halafu angalia ni nani aliyesema. Yethro alikuwa kuhani wa Midiani, si Mwisraeli. Musa hakumuuliza kwanza ni wa kabila gani ndipo aone kama shauri lake lafaa. Alimsikiza, akafanya kama alivyoambiwa.

Chukua ile ya uwezo. Hapa Mtopanga bomba hukauka hadi tukasahau sauti yake, tukanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi. Mombasa haina maji yake ya kutosha. Hutegemea ya mbali: chemchemi za Mzima huko Taita Taveta, Marere na Tiwi kule Kwale, na Baricho katika Kaunti ya Kilifi, kando ya mto Sabaki, ambayo ndiyo tegemeo la upande wetu huu wa kaskazini. Kwa hiyo anayetaka kuiongoza Mombasa lazima ajue kuzungumza na Kilifi, ajue bomba lililozeeka ni lipi na fedha za kulibadilisha zinatoka fungu gani. Mwakilishi wadi naye hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na humkagua gavana. Mtu akija kukuomba kura kwa jina la Yesu, mpokee kwa heshima, mpe kiti, kisha muulize habari za Baricho. Asipojua, wokovu wake ni baraka kwake na kwa nyumba yake, lakini mtungi wako utabaki mtupu.

Hiyo ya mali ya dhuluma ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa maana hapa kwetu dhuluma kubwa ni ya ardhi. Umekulia kati ya watu waliojenga, wakapanda minazi, wakazika wazee wao, na bado wanaitwa maskwota. Mizizi ya jambo hili ni mirefu. Tangu Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908, walioweza kwenda kudai kwa karatasi walipewa hati, na wengi waliokuwa wakilima bila karatasi wakawa wageni juu ya mashamba ya babu zao. Kila uchaguzi tunaahidiwa hati. Kila baada ya uchaguzi tunasikia ubomoaji mahali fulani.

Soma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, Wafalme wa Kwanza, sura ya 21. Ahabu analitaka shamba, Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Yezebeli anaandika barua, anaipiga muhuri wa mfalme, anatafuta mashahidi wawili wa uongo. Lakini la kwanza lililoagizwa katika barua ile ni watu watangaziwe mfungo. Nilisoma kisa hiki tangu shule ya Jumapili, na ni utu uzima ulionifungua macho nikaliona neno hilo. Wizi ule wa ardhi ulianza kwa ibada. Watu wakakusanyika, wakainamisha vichwa, na katikati ya mkutano wa kumwomba Mungu Nabothi akasingiziwa, akatolewa nje akapigwa mawe. Kwa hiyo ukimwona mwanasiasa amepiga magoti mbele ya kanisa, usitosheke na magoti. Uliza ardhi aliyojengea aliipataje, na waliokuwa wakiishi hapo wako wapi.

Na kama bado unadhani kuwa wa dini moja kunatosha, nitakukumbusha Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008. Watu waliokimbia ghasia za uchaguzi walijificha kanisani, wengi wao wanawake na watoto. Kanisa likatiwa moto wakiwa ndani. Kule juu wengi ni Wakristo: waliokuwa ndani walibatizwa, na huko nje hawakuwa wapagani. Mwezi uliofuata Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo hawakuwa na sauti ya kuwazuia watu. Ungamo hilo liliwagharimu kusema, nami nawaheshimu kwa hilo.

Hapa Mombasa baba yako anakumbuka Likoni, Agosti 1997. Kituo cha polisi kilivamiwa usiku wa tarehe 13, silaha zikachukuliwa, na watu wa bara wakawindwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama. Kanisa Katoliki la Likoni likajaa magodoro na sufuria za waliokimbia. Miezi minne baadaye, Desemba, tukapiga kura. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Waliulizwa kwao ni wapi. Anayekufundisha leo kumtenga jirani kwa dini, kesho atakufundisha kumtenga Mkristo mwenzako kwa lafudhi yake.

Eneobunge letu la Kisauni lenyewe limewahi kuwa na hekima kuliko mahubiri hayo. Mwaka 1997 lilimpa kiti Emmanuel Karisa Maitha kwa chama cha DP wakati KANU ilikuwa na nguvu, likamrudisha 2002. Alipofariki 2004 likamchagua Anania Mwaboza. Mwaka 2007 likampa Hassan Joho, 2013 Rashid Bedzimba, 2017 Ali Mbogo, 2022 tena Bedzimba. Sisemi wote walitufaa sawasawa. Kila mmoja ana hesabu yake mbele ya wananchi. Ninachosema ni kwamba katika jimbo ambalo adhana na kengele husikika kutoka baraza moja, Mkristo amechaguliwa kwa kura za Waislamu na Mwislamu amechaguliwa kwa kura za Wakristo. Shangazi yako aliyesilimu alimpigia Maitha, na mimi nilimpigia mmoja wa hao waliokuja baadaye. Tulikula mezani pamoja kabla na baada.

Nimetaja kengele. Unapokwenda mjini unapita Kengeleni, na konda hulitaja jina hilo mara mia kwa siku. Jina limetokana na kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamishonari wa CMS walikianzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia. Kwetu Rabai, alikozaliwa bibi yako, walikimbilia watumwa waliotoroka mashamba, na tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana zao kulipwa fidia, zaidi ya watu elfu moja walipokea vyeti vya uhuru. Hebu fikiri: karatasi inayosema wewe si mali ya mtu.

Kanisa la upande wetu huu lilijengwa na watu waliowahi kupangiwa bei. Ndiyo sababu sitakusamehe upesi nikisikia umeuza kura. Watakuja na unga pakiti mbili, leso, mia mbili, mia tano kwa simu. Wengine watataka kununua kitambulisho chenyewe kabla ya siku, ili usipige kabisa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji na mpokeaji vilevile. Lakini nakuomba usiiogope sheria peke yake. Kumbuka Esau na mchuzi wake wa dengu. Alikuwa na njaa kweli, sikatai, na hapa mtaani njaa ipo kweli. Mchuzi uliisha jioni ile ile.

Rafiki yako mmoja, nimesikia, amekataa kabisa kujiandikisha kwa kuwa ameambiwa mashine ya alama za vidole ni chapa ya mnyama. Mafundisho hayo si mageni hapa pwani. Mwaka 2019 Paul Mackenzie wa Malindi alihubiri hivyo kuhusu usajili wa Huduma Namba, tena alifundisha watu wasipeleke watoto shule. Mwaka 2023 tuliona makaburi ya msitu wa Shakahola, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa. Yeye yuko mahakamani na mahakama itatoa neno lake. Sisemi kila anayeogopa mashine ataishia msituni. Ila mwambie rafiki yako alete Biblia yake aje tuketi, tusome Ufunuo pamoja, nami nitampikia. Mtoto mwenye hofu hafai kuchekwa, na huyo namchukulia kama wangu.

Wapo pia wanaokaa nyumbani kwa kudhani siasa ni uchafu usiomfaa mtu safi. Wengi mno. Mwaka 2022, tarehe 9 Agosti, waliojitokeza Mombasa hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Uchaguzi wa gavana wenyewe ulisogezwa hadi tarehe 29 kwa sababu karatasi za kura zilikuwa na kasoro. Wasomee hao kisa cha Yothamu katika Waamuzi, sura ya 9. Miti ilitafuta mfalme. Mzeituni ukakataa kwa ajili ya mafuta yake, mtini kwa ajili ya utamu wake, mzabibu kwa ajili ya divai yake. Kila mmoja alikuwa na kazi njema ya kufanya. Mti wa miiba ukakubali, na siku hiyo hiyo ukaanza kutisha kwa moto.

Na ukishaingia katika kile kibanda cha kadibodi na karatasi zako sita, hakuna aliye na haki ya kujua ulichoandika. Siri hiyo ina historia. Mwaka 1988 KANU iliwapanga watu mlolongo nyuma ya wagombea, na mstari mrefu ukaweza kutangazwa mfupi. Viongozi wa makanisa waliupinga mtindo huo tangu ulipotangazwa. Walisema mchungaji hawezi kuonekana nyuma ya mgombea mmoja ilhali kondoo wake wako nyuma ya wote. Maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge walisema hivyo wakati kusema kulikuwa na hatari. Hiyo ndiyo sauti ya kanisa ninayoitamani tena. Kwa hiyo usiniambie utampigia nani. Usimwambie baba yako, wala mchungaji, na siku ukiolewa, mume pia asikulazimishe kusema.

Kwenu wahubiri wetu wa Kisauni nina ombi moja, nalitoa kwa unyenyekevu kwa kuwa mmenilea. Mnayo haki ya kutufundisha haki, kweli, uhai, ardhi na rushwa, na mkinyamaza juu ya hayo mtakuwa mmekosa. Lakini msitupangie jina. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubu kanisani Butere, siku ya kuwekwa wakfu Askofu Rose Okeno. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza mamilioni waliyochangia wanasiasa, Rais akiwa mmoja wao, yarudishwe. Kama waliweza wenye majengo makubwa na madeni makubwa, hata sisi wa mabati tunaweza. Bahasha ikiletwa madhabahuni kwa kelele na kamera, irudisheni. Sisi tutachanga.

Binti yangu alisoma maandishi haya jana usiku kabla sijayatuma. Aliniuliza kwa nini sikumwambia habari ya 2010 mapema. Nilimjibu kwamba niliona haya.

Tangu 29 Septemba 2025 usajili wa wapiga kura umefunguliwa tena katika ofisi za tume ya uchaguzi, IEBC, za maeneobunge, na Uchaguzi Mkuu ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Jumatatu hii asubuhi mimi na yeye tunakwenda ofisi ya Kisauni. Jirani yangu wa ukuta mmoja anakuja na mwanawe wa kiume, naye amepata kitambulisho juzi. Wazazi wa Mtopanga mlio na watoto wa umri huo, waleteni tufuatane.